Meza ni ya watu 4, sisi tuko 17

Kwa mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika juzi ati watu wa Nairobi hawajuani tena na watu wao, kwamba mtu anakaa Donholm na binamu yake yuko Umoja hapo tu na wanaonana matangani peke yake. Hiyo barua niliisoma nikiwa kibandani kwangu soko la Gikomba, nimekalia mtumba wa sweta ambao haujafunguliwa, nikataka kumjibu hapo hapo lakini mteja akaja. Leo mvua imenyesha, matope ni ya kufika magotini na wateja hawako, wacha basi nimjibu.

Ndugu yangu, nusu ya ulichosema ni kweli. Nusu ingine sikubali. Undugu Nairobi haujaisha, kitu imekosekana ni mahali pa kuukalisha.

Sisi kwetu tuko 17 na nitahesabu usidhani naongeza chumvi. Nyanya yetu wa Majengo, Ami na mke wake, Shangazi anayekaa Rongai na mabinti zake 2, kaka yangu wa Kahawa West na wifi na watoto wao 3, mimi na mzee wangu na watoto wetu 3, na mdogo wangu wa mwisho ambaye hajaolewa na hataki kuulizwa. Hao ndio 17 wanaofika kula pamoja kila mwezi bila kukosa. Kuna wa 18, mtoto wa Ami, yuko Doha kikazi, huyo tunamsimamisha kwa simu akiegemea chupa ya chai aone sinia vizuri, halafu anaanza kulia, halafu na sisi tunaanza.

Siku yetu zamani ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa sababu ya mshahara, lakini tukagundua mshahara ukiingia kodi inakuwa inausubiri mlangoni, na mtu akija na stress ya landlord hata nyama haimshuki. Tukasongesha. Sasa ni Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 5, kodi ikishalipwa, hapo ndio kila mtu anajua amebaki na nini.

Sasa uniambie, hao 17 utawaweka wapi Nairobi hii? Mimi naishi Kayole, nyumba ya chumba kimoja na jikoni ya kusimama mtu mmoja, wawili mkiingia mmoja lazima atoke ndio mwingine afungue kabati. Kaka naye sebule yake kochi limejaza kila kitu, na jirani wa chini akisikia watoto wakiruka anagonga dari na mti wa ufagio. Rongai kwa Shangazi kuna nafasi kidogo, ni vile tu kutoka Kayole kwenda Rongai ni kushika gari mpaka tao, katikati ya jiji, halafu kushika matatu namba 125, na ile jam ukiwa na watoto ukifika umeshakuwa mgonjwa.

Na hii shida si ya jana. Hili jiji lilianza 1899 kama kambi ya reli, na mkoloni akijengea Mwafrika alimjengea kitanda, si nyumba, yaani mwanamume aje afanye kazi, mke na watoto wabaki reserve, kule mashambani Waafrika walikotengewa. Majengo yetu ya Pumwani ilikuwa tofauti, miaka ya 1920 watu waliruhusiwa kujijengea wenyewe, wakajenga zile nyumba za udongo, ukumbi unapita katikati na vyumba kila upande. Nimelelewa kwa huo ukumbi. Siku ya Idi mkeka ulikuwa unatandikwa kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani na watu wanakaa pande zote mbili, ukitaka kupita unaomba njia kwa kila mtu na kila mtu anakuuliza umekula. Hakuna aliyewahi kuhesabu tulikuwa wangapi. Leo watu wanajenga ghorofa 8 za bedsita, chumba kimoja kimoja, yaani tumezunguka tukarudi palepale kwa kitanda, tofauti ni tailsi.

Kwa hivyo mtu anasema sawa, kama nyumba ni ndogo tutoke nje. Hapo sasa ndio nataka msomaji wenu anisikize.

Mwaka jana Nyanya alifikisha miaka 80, tukasema na sisi kwa mara moja tumpeleke mahali pa maana, mahali pa vitambaa mezani. Sitataja ni wapi. Tulifika tumevaa, Nyanya na leso yake mpya bado ina mikunjo ya dukani, weita akatutokea mlangoni akaanza kutuhesabu na kidole vile watu huhesabu kuku. Akasema meza zake ni za watu 4. Tukasema sawa unganisha. Akasema haziunganishwi, ni amri ya meneja. Sasa 17 gawanya kwa 4, utapata meza 4 na anabaki mmoja. Huyo mmoja akawa Ami. Mzee wa miaka 60 na kitu akawekwa peke yake kwa meza ya kona akiangalia ukuta, na sisi tuko kule tumetawanyika kama watu wanangojea daktari. Nyanya akamwangalia sana, akatuuliza kwa sauti, "Huyo amekosa nini?"

Ikaja keki. Tulikuwa tumeibeba wenyewe kwa boksi, imeandikwa jina lake na sukari, wakasema keki ya nje inalipiwa kabla haijakatwa. Tukalipa. Nyanya akaagiza chai, chai ikaletwa vipande vipande, maji peke yake, maziwa peke yake, majani yako kwa kamfuko kenye uzi, akauliza kama mpishi ameshindwa kuimaliza. Tulitoka hapo tumeacha 19,000 na watoto wakasimamishiwa mahindi choma nje kwa sababu walikuwa na njaa.

Mara ingine tukasema wacha hoteli, twende bustani. Bustani moja hivi, kiingilio ni kwa kila kichwa na mtoto wa miaka 3 naye ni kichwa. Hiyo tulivumilia. Lakini askari wa mlangoni akafungua kikapu cha Shangazi, akafunua kitambaa, akaona mahamri na mbaazi, akasema chakula cha nje hakiingii. Shangazi akamwambia mwanangu hiki si cha nje, ni cha nyumbani. Haikusaidia. Tukala hapo nje kando ya barabara, tumesimama, vumbi la magari linatupata, na kwa sababu Shangazi hawezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha akampa yule askari hamri 2. Na alikula! Akasema ni tamu.

Sasa nisionekane mtu wa kulalamika tu. Kuna mahali Nairobi panajua watu wanakuja na watu wao. Nenda soko la Kariokor, kwa wachoma nyama, Jumapili saa saba mchana. Lile jina lenyewe ni Carrier Corps, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwa vita vya 1914 mpaka 1918, midomo yetu ikalitafuna mpaka likawa letu. Unafika, unachagua mbavu au mguu ukiwa mbichi, inapimwa mbele yako (ikirudi kutoka motoni itakuwa imepungua, usianze kugombana, ilipimwa na maji yake), mnakaa kwa benchi refu mkisongeana, na mchomaji anakuja na ubao wake anakata hapo hapo kisu kikiruka, chumvi kwa kirundo pembeni, kachumbari, ugali. Hakuna mtu anauliza mko wangapi. Wakija wengine mnasonga. Nyanya meno yamebaki ya kuhesabu, na yule kijana bila kuambiwa huwa anamkatia maini vipande vidogo vidogo na kumletea supu kwa kikombe. Hajasomea hoteli popote huyo.

Shida tu ni kwamba Kariokor kila mwezi kwa watu 17 ni pesa, na watoto wakishashiba hawana pa kukimbia. Ndio tukarudi kwa sufuria.

Hesabu yetu iko hivi, nyumba ni 5, kila nyumba inatuma 800 kwa M-Pesa ya wifi kabla ya tarehe 3, jumla 4,000, na wifi ni mtu wa Kakamega hana mchezo na pesa ya watu, asiyetuma jina lake linaandikwa kwa grupu na herufi kubwa. Kaka yangu ambaye ni bwana yake ndiye huandikwa sana.

Jumamosi usiku mimi nikitoka soko napitia Majengo nalala huko. Saa kumi na moja alfajiri jiko la makaa limeshawaka uani. Nyanya hapiki tena lakini anakaa kwa kibao chake anaongoza kama refa. Kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe rangi ya kahawa kabisa, ukikitoa kikiwa dhahabu anakwambia rudisha, kwa sababu yeye anaamini, na ni kweli, rangi ya pilau inatoka kwa kitunguu na siyo kwa vitu vya pakiti. Bizari ya pilau inatwangwa hapo hapo na mdalasini na hiliki, majirani wote wanajua leo ni leo. Nyama, supu, mchele, na maji yakikaribia kukauka tunapalia, makaa juu ya kifuniko, moto wa chini unapunguzwa, na hapo hakuna kufunua hata uwe na wasiwasi vipi. Halafu ile sufuria inafungwa leso 2 na blanketi ya zamani kama mtoto mchanga, na hata ikifunguliwa saa saba bado inatoa moshi.

Usafiri ni matatu ya rafiki ya Ami, tunaweka mafuta tu. Ami ameendesha matatu miaka mingi na alikuwa barabarani 2004 wakati sheria za waziri wa usafiri Michuki zilikuja, viti 14, mikanda, hakuna kubebana, na mpaka leo hata akiwa na familia yake mwenyewe haongezi hata mtoto. Watu 14 na yeye dereva, basi. Wawili wanabaki, na kila mwezi ni mzee wangu na kaka, wanapewa gunia la makaa na jiko dogo la chai wajitafutie gari. Wanachelewa lisaa limoja na wakifika wananukia mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchomwa njiani. Wanasema ni jam. Jumapili asubuhi!

Tunaenda City Park, ile bustani ya Parklands. Siku hizo zote hatujaulizwa kiingilio wala kufunguliwa kikapu. Kuna miti mikubwa ya zamani, kuna nyasi, na kuna kima. Hao kima niwaambie ukweli hawana adabu. Mwezi uliopita mmoja alishuka mtini polepole bila haraka, kama mtu anaenda kwa friji yake, akapita katikati ya watu wazima 11, akachukua chapati mbili za juu, akaangalia kama kuna ingine nzuri zaidi, akarudi juu. Mtoto wa kaka alicheka mpaka akatapika soda.

Huyo huyo mtoto, ambaye anasoma shule ya private na Kiswahili chake ni cha kuvuta, mara ya kwanza tulipoweka sinia chini akaomba uma. Nyanya akamshika mkono akamhesabia vidole. "Uma? Mungu amekupa 5." Sasa ndiye wa kwanza kunawa. Na anajua kupiga tonge bila kudondosha, na anajua kwamba huyu ni Ami na yule ni Shangazi na si anko na anti wote mchanganyiko.

Tukishakula Ami anawachukua watoto anawazungusha mpaka kwa makaburi. Ndiyo, makaburi, pale City Park wamelala Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi 1965, na Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais 1966 baada ya Jaramogi Oginga Odinga, akakaa miezi michache akajiuzulu. Walikuwa marafiki na Murumbi alitaka azikwe karibu na mwenzake. Binti yangu akauliza kwani hao ni ndugu, Ami akamwambia hapana, wengine hata si ndugu. Watoto wanarudi wamenyamaza dakika 5 halafu kelele zinaanza tena.

Sisemi sisi ni malaika. Wifi mpaka leo hakubali ati wali ni chakula, anabeba ugali wake umefungwa kwa karatasi na kuku wa kienyeji, na Shangazi kila mwezi anaona hiyo ni matusi kwa pilau. Kuna miezi 2 kaka na Ami hawakuongea kwa sababu ya deni, walikuja wote na kukaa kila mmoja upande wake wa mkeka, na hawakupatanishwa na mtu, ni vile chumvi ilikuwa upande mmoja na ndimu upande mwingine. Ikabidi waombane. Hiyo kwa simu haingewezekana, kwa simu kila mtu ana chumvi yake.

Na mdogo wangu huyu wa mwisho kazi aliyonayo aliipata kwenye huo mkeka, binti ya Shangazi alitaja tu kwamba kwao wanatafuta mtu wa stoo. Nilikuwa nimemtafutia huko soko mwaka mzima.

Sasa ndio ombi langu, mhariri. Wanaosimamia bustani za hili jiji wakumbuke kuna watu wa 17. Nyanya hawezi kukaa chini mkekani tangu goti lake liharibike, kila mwezi tunambebea kiti cha plastiki kutoka Majengo, na benchi unazokuta bustanini ni zile za wapenzi, za watu wawili wakiangalia njia. Weka meza ndefu ya saruji na benchi pande mbili chini ya mti, weka mfereji, weka choo mtu mzima anaweza kuingia na fimbo yake na maji yawepo. Si mambo ya mabilioni. Juzi tulitoka City Park mapema kwa sababu ya choo tu, sufuria ikiwa bado nusu.

Na wale wa kukagua vikapu mlangoni, najua mnaogopa taka, na hapo mna haki, nimeona watu wanakula na kuacha kila kitu hapo kama wameitwa na ambulansi. Lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, sisi tunabeba sahani za bati na vikombe vya bati, tunarudi navyo. Kama hamtuamini chukueni 500 yetu mlangoni mtuandikie risiti, tukitoka na mfuko wa taka zetu mturudishie, tukiacha hata mfupa mmoja mkae nayo. Mtaona bustani vile itang'aa.

Wenye hoteli sina mengi na nyinyi, meza moja ndefu tu, hata iwe ya mbao, msituwekee tena mzee wetu ukutani.

Nyanya ananiambia nikumbushe watu kuhusu Uhuru Park, kwamba sisi wajukuu wake tulipigwa picha kwa zile boti tukiwa tumevaa nguo za Krismasi, na kwamba 1989 walitaka kupanda ghorofa 60 hapo na Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akakataa mpaka wakaachana nayo. Huyo mama Nyanya anamwombea dua mpaka leo. Sema tu anachanganya kidogo, anaamini alikataa kwa ajili ya picha zetu, na hakuna mtu amewahi kumrekebisha.

Huyo msomaji wenu wa barua simjui, lakini kama binamu yake wa Umoja ako na sufuria na yeye ako na mkeka, shida iko wapi? Aanze na watu 6. Na wewe mhariri ukiwa Parklands Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 5, tuko chini ya ule mti mkubwa upande wa watoto kucheza, utatujua kwa kiti cha plastiki cha bluu na kima amekaa juu yake anangoja. Karibu pilau. Beba tu kikombe chako, vyetu ni 17 na kila kimoja kina mwenyewe.

Ni mimi,
Mjukuu wa Majengo, Kayole